Mzito na Mwepesi kwenye Vilima vya Kigali: Nani Huteremka Haraka, na kwa Nini

Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Afrika kwa mara ya kwanza, na mbio za kushindana na saa zilianzia BK Arena, mtaani Remera, Kigali. Mbelgiji Remco Evenepoel alimaliza kilomita 40.6 za kupanda na kuteremka akiwa bingwa, na njiani alimpita Tadej Pogačar wa Slovenia aliyekuwa ameanza mbele yake. Umati uliojipanga kando ya barabara ulishuhudia, pamoja na mbio zenyewe, jambo linalowatatiza watu tangu zama za Wagiriki: namna Dunia inavyovuta vitu vya uzito tofauti.

Yeyote anayefuatilia mchezo huu anajua kwamba mwembamba hupanda mlima kwa wepesi, lakini mteremko ukianza, mwenye mwili mkubwa humkaribia na mara nyingi humpita hata bila kukanyaga pedali. Hapo ndipo mkanganyiko unapoanza. Kitabu cha shule kinasema vitu vyote huanguka kwa kasi moja, viwe vizito au vyepesi. Macho yanaona mzito akitangulia. Kuna pia kauli ya tatu inayozagaa kila timu ngeni inapokuja kucheza Uwanja wa Amahoro, hatua chache kutoka BK Arena: kwamba Kigali iko juu, kwa hiyo uvutano umepungua na kila kitu huku kinakwenda tofauti.

Kauli hizi tatu haziwezi zote kuwa kweli kama zilivyo. Lakini hakuna hata moja iliyo upuuzi, na ndiyo maana zinastahili kupimwa moja baada ya nyingine.

Uvutano wenyewe, na ulivyo Kigali

Dunia huvuta kila kitu kuelekea katikati yake. Kitu kikiachiwa karibu na ardhi, na hewa isipoingilia, kasi yake huongezeka kwa karibu mita 9.8 kwa sekunde kila sekunde inapopita. Baada ya sekunde moja kinakwenda mita 9.8 kwa sekunde, baada ya mbili mita 19.6, na kuendelea. Kwa hiyo umbali haukui sawasawa na muda. Katika nusu sekunde ya kwanza kitu hushuka mita 1.2 tu, katika sekunde nzima hushuka karibu mita 5, katika sekunde mbili karibu mita 20.

Namba hiyo ya 9.8 haiko sawa kila mahali. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alipeleka saa ya pendulamu Cayenne, Amerika ya Kusini, karibu na ikweta, akakuta inachelewa kwa dakika 2 na nusu hivi kila siku ikilinganishwa na ilivyokwenda Paris. Saa haikuwa mbovu. Karibu na ikweta uvutano ni hafifu kidogo kwa sababu mbili: Dunia imevimba kiunoni, hivyo mtu wa ikweta yuko mbali zaidi na kitovu chake, na mzunguko wa Dunia wenyewe hupunguza sehemu ya mvuto. Kigali iko digrii 2 hivi kusini mwa ikweta, na kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Uvutano hapa ni karibu 9.78, wakati London ni 9.81. Mtu wa kilo 70 akisimama London juu ya mizani ya springi, kisha akabeba mizani ileile hadi Remera, itamwonyesha amepungua kama robo kilo bila kupungua chochote mwilini. Mizani ya mawe isingeona tofauti hiyo, kwa sababu mawe nayo yamepungukiwa mvuto kwa kiwango kilekile.

Tofauti kati ya Kigali na Ulaya, basi, ipo na inapimika. Ila sehemu kubwa yake inatokana na ikweta, wala si mlima. Ukilinganisha Kigali na Dar es Salaam, ambayo nayo iko jirani na ikweta lakini ufukweni, tofauti ya uvutano haifiki hata sehemu moja kati ya elfu mbili. Kwa mtu wa kilo 70 hiyo ni kama gramu 30. Tukumbuke namba hii tutakaporudi uwanjani.

Hoja ya kwanza: kizito hutangulia

Mwanafalsafa Mgiriki Aristotle alifundisha kwamba kasi ya kuanguka hufuata uzito. Kauli hiyo ilitawala elimu kwa karibu miaka 2,000, na kudumu kwake hakukutokana na watu wa zamani kukosa akili. Ilidumu kwa sababu inaafikiana na mambo mengi tunayoyaona. Unyoya huchelewa, jiwe huwahi. Jani la mkaratusi hupeperuka, tawi lake huporomoka. Hoja inayoeleza yale yaliyo mbele ya macho ya kila mtu ina nguvu, na mwalimu anayeidharau mbele ya wanafunzi anakosea.

Udhaifu wake unaonekana mtu akidai hesabu. Kama kasi ingefuata uzito, jiwe la kilo 10 lingetumia sehemu ya kumi ya muda wa jiwe la kilo 1 kufika chini. Hakuna aliyewahi kuona hivyo. Katika karne ya 6 mwanafalsafa wa Alexandria, Misri, aitwaye John Philoponus aliandika kwamba ukidondosha kwa pamoja vitu viwili vinavyotofautiana sana kwa uzito, tofauti ya muda wa kufika ni ndogo mno. Miaka elfu moja kabla ya mwanasayansi Mwitaliano Galileo, katika bara hili, mtu alikwishaangalia na kuona kwamba kanuni iliyoheshimiwa na wote haitoshi. Anastahili kutajwa madarasani kuliko anavyotajwa.

Ipo pia hoja isiyohitaji kudondosha chochote. Galileo aliichapisha mwaka 1638. Chukua jiwe zito na jiwe jepesi, uyafunge kwa kamba. Kama jepesi huanguka polepole, litalizuia zito, na fungu zima litachelewa kuliko jiwe zito likiwa peke yake. Lakini fungu lile ni zito kuliko kila jiwe, kwa hiyo lilipaswa kuwahi. Kanuni moja imezaa majibu mawili yanayopingana, na kanuni ya namna hiyo haiwezi kusimama.

Hoja ya pili: vyote huanguka sawa

Mwaka 1586 mwanahisabati Simon Stevin alidondosha tufe mbili za risasi, moja nzito mara kumi kuliko nyingine, kutoka mnara wa kanisa mjini Delft, Uholanzi, kimo cha futi 30. Zilipogonga ubao chini, mlio ulisikika mmoja. Kisa maarufu zaidi, cha Galileo juu ya mnara wa Pisa, kilisimuliwa na mwanafunzi wake Viviani, na wanahistoria wengi wana shaka kama kilitokea. Kazi yake ya uhakika ilikuwa ya mbao zilizoinamishwa na tufe zinazobingirika. Kuanguka wima kulikuwa kwa kasi mno kwa vyombo vya muda vya wakati ule, hivyo akaupunguza mwendo kwa mteremko, akaweza kupima.

Sababu ya usawa huu ndiyo inayorukwa mara nyingi, na mwanafunzi hubaki na kauli ya kukariri. Dunia humvuta mzito kwa nguvu kubwa zaidi. Hilo Aristotle hakulikosea. Jiwe la kilo 10 huvutwa mara kumi ya jiwe la kilo 1. Ila jiwe hilohilo ni gumu mara kumi kulisogeza, kwa sababu lina maada mara kumi. Nguvu imezidi mara kumi, na ukaidi nao umezidi mara kumi, kwa hiyo matokeo yanalingana. Newton aliliweka hili katika hesabu mwaka 1687. Einstein aliliona kuwa jambo la ajabu kiasi cha kuujenga upya ufafanuzi mzima wa uvutano juu yake.

Ushahidi haujawahi kuyumba. Tarehe 2 Agosti 1971, mwanaanga David Scott wa Apollo 15 aliachia nyundo na unyoya kwa pamoja juu ya Mwezi, mahali pasipo na hewa, na vyote vikagusa vumbi kwa wakati mmoja. Setilaiti ya Ufaransa iitwayo MICROSCOPE, iliyorushwa mwaka 2016, ililinganisha kuanguka kwa vyuma viwili vya aina tofauti. Matokeo ya mwisho ya mwaka 2022 hayakuona tofauti hata kwa kiwango cha sehemu moja kati ya milioni bilioni.

Udhaifu wa hoja hii si wa kweli yake. Ni wa mahali pake. Inaeleza dunia isiyo na hewa, kisha inapelekwa kwa watu wanaovuta pumzi. Mwalimu akisema vitu vyote huanguka sawa, na mwanafunzi akatazama karatasi ikipeperuka kutoka dirishani, mmoja wao anaonekana mwongo. Wanafunzi wengi humaliza shule wakiwa na majibu mawili kichwani, moja la mtihani na jingine la maisha.

Hewa ndiyo inayoamua mteremkoni

Karatasi mbili za daftari moja zinatosha kuonyesha. Moja iachwe ilivyo, nyingine ifinyangwe iwe donge. Uzito ni uleule. Ziachie pamoja kutoka usawa wa kichwa: donge litagonga sakafu wakati karatasi bado inayumba kifuani. Uzito haukubadilika hata chembe. Kilichobadilika ni upana unaoikabili hewa.

Hewa hukizuia kila kinachopita ndani yake, na uzuiaji huo hukua haraka sana: kasi ikiongezeka mara mbili, kizuizi huongezeka karibu mara nne. Ndiyo maana kitu kinachoanguka hewani hakiendelei kuongeza kasi bila mwisho. Hufika mahali ambapo kizuizi cha hewa kinalingana na mvuto wa Dunia, na kuanzia hapo kasi hubaki palepale. Mvua inayopiga mabati haitudhuru kwa sababu ya kanuni hii. Tone lililoanguka kilomita 2 bila hewa lingefika likienda zaidi ya kilomita 700 kwa saa. Tone kubwa la kweli hufika kwa kilomita 30 hivi kwa saa.

Sasa turudi kwenye baiskeli. Mteremko wa asilimia 8 humpa mwendeshaji karibu asilimia 8 ya uvutano mzima, ni ubao ulioinamishwa wa Galileo kwa ukubwa wa mlima. Bila hewa, mwendeshaji wa kilo 60 na wa kilo 80 wangeshuka pamoja kabisa. Hewa ikiingia, mambo yanabadilika. Mwenye kilo 80 amezidi uzito kwa theluthi moja, kwa hiyo mvuto unaomsukuma chini umezidi kwa karibu kiasi hicho. Upana wa mwili wake kuikabili hewa haukui kwa kiwango hicho, maana mwili unapokuwa mkubwa, ujazo wake huongezeka haraka kuliko sura yake ya mbele. Upana huo unazidi kama asilimia 20 tu. Mvuto umezidi kizuizi, naye anatangulia.

Kwa makadirio ya kawaida ya umbo la mwendeshaji aliyeinama, hesabu ya mteremko huo inampa wa kilo 60 kasi ya mwisho ya kama kilomita 66 kwa saa hapa Kigali, na wa kilo 80 kama kilomita 68. Tofauti ni ndogo, lakini kwenye mbio inatosha kufuta au kufungua mwanya. Aliyeinama vizuri anaweza kuifuta tofauti hiyo yote, na hapa ndipo ubora wa mtu kama Evenepoel unapoonekana: mgongo uliolala, viwiko vilivyobanwa, kichwa kati ya mabega. Anapunguza upana wakati hawezi kubadilisha uzito.

Mpandoni kila kitu kinageuka. Kwenye kilima cha Kimihurura chenye barabara ya mawe, kasi hushuka hadi hewa ikawa kizuizi kidogo, na sehemu kubwa ya jasho huishia kuinua kilo dhidi ya uvutano. Hapo kila kilo ya ziada inadai nguvu yake. Kwa hiyo mwili mkubwa unalipwa mteremkoni na kutozwa mpandoni, na malipo hayo mawili hayalingani, kwa sababu kupanda huchukua muda mrefu zaidi kuliko kushuka kilima hichohicho. Mbio za barabarani za wanaume mwaka ule zilikuwa na zaidi ya mita 5,000 za kupanda kwa jumla, na bingwa akawa Pogačar, mpanda milima.

Hoja ya tatu: huku juu uvutano umepungua

Ile namba ya gramu 30 inaimaliza hoja hii kama ilivyosemwa. Uvutano haupungui kwa kiasi ambacho mchezaji, kipa au mwendesha baiskeli angeweza kukihisi.

Hata hivyo wanaoisema wameona kitu cha kweli, wamekosea kumtaja mhusika. Hewa ya Kigali ni nyepesi kuliko ya pwani. Mita moja ya ujazo ya hewa Dar es Salaam ina uzito wa kama kilo 1.17, Kigali inakaribia kilo 1. Huo ni upungufu wa karibu sehemu moja ya saba, mamia ya mara zaidi ya upungufu wa uvutano. Mwendeshaji wetu wa kilo 60, angeshuka mteremko uleule ulio karibu na bahari, angeishia kwenye kilomita 61 hivi kwa saa badala ya 66. Yaani kuhama kutoka pwani hadi Kigali kunamwongezea kasi kuliko ambavyo kilo 20 za mwili zingemwongezea. Mwaka 1972 mwendesha baiskeli Eddy Merckx hakwenda Mexico City, mita zaidi ya 2,200 juu ya bahari, kutafuta uvutano mdogo alipoweka rekodi ya kilomita 49.431 kwa saa moja. Alifuata hewa nyepesi.

Uwanja wa Amahoro, uliofunguliwa upya tarehe 1 Julai 2024 ukiwa na viti 45,000, unaonyesha jambo hilohilo kwa mpira. Mpira wa miguu una uzito wa kati ya gramu 410 na 450, na ni mwepesi kwa ukubwa wake. Ukipigwa kwa kilomita 90 kwa saa, hewa ya pwani huuzuia kwa nguvu inayokaribia uzito wa mpira wenyewe. Kigali kizuizi hicho hupungua kwa sehemu moja ya saba. Pasi ndefu hufika mbali kuliko alivyozoea mchezaji wa Dar es Salaam au Mombasa, na shuti humfikia kipa mapema kidogo. Lakini hewa hiyohiyo ndiyo inayoupinda mpira unaozunguka, kwa hiyo mpira wa adhabu wa kuzungusha hupinda kidogo kuliko unavyopinda pwani. Mpigaji anapata kasi, anapoteza mpindo. Uchovu wa wageni nao una asili ileile: hewa nyepesi ina oksijeni kidogo katika kila pumzi.

Pale makosa yanapogharimu

Mjadala huu usingekuwa na uzito mkubwa kama ungeishia michezoni. Remera ni mtaa unaojengwa, na kila mahali panapojengwa kwenda juu pana vitu vinavyoweza kudondoka. Hapa imani ya Aristotle huua. Mtu huogopa tofali na kudharau nati, akidhani kitu kidogo huanguka taratibu. Vitu vigumu na vidogo vikianguka ghorofa nne, mita 12 hivi, hewa haivicheleweshi kwa kiasi cha maana. Tofali la kilo 3 na nati ya gramu 50 vyote hufika chini kwa sekunde 1.6, vikienda karibu kilomita 55 kwa saa. Muda huo hautoshi mtu kusikia ukelele, kuelewa na kukwepa.

Wakati huohuo imani ya kitabu, ikishikwa nusunusu, nayo hudanganya. Kufika pamoja si kudhuru sawa. Kwa kasi ileile, kishindo cha tofali hilo kina nishati mara 60 ya nati. Kofia ngumu inaweza kuyapokea mapigo ya nati na kushindwa na tofali. Ndiyo maana kofia peke yake haitoshi: panahitajika ubao wa ukingo kwenye jukwaa la miti, wavu, na kamba za kufungia zana.

Rwanda pia ina mfano wa hewa kutumiwa kwa makusudi. Tangu Oktoba 2016 ndege zisizo na rubani za Zipline, kuanzia kituo cha Muhanga, zimekuwa zikipeleka damu hospitalini na kuidondosha kwa parachuti. Mhandisi wa parachuti hupambana na mvutano wa mahitaji mawili. Akiipanua, mzigo hutua taratibu lakini upepo huupeleka mbali na shabaha. Akiifanya ndogo, hutua karibu na alama lakini kwa kishindo. Na kwa hewa ya nyanda hizi, parachuti ileile hushuka kwa kasi ya karibu asilimia 8 zaidi ya ambavyo ingeshuka pwani, kwa hiyo kipimo cha Mombasa hakiwezi kuhamishiwa Muhanga bila kurekebishwa.

Kupima hoja, na kazi ya mwalimu

Hoja ya kwanza iko sahihi juu ya linaloonekana, imekosea juu ya chanzo. Ya pili iko sahihi juu ya uvutano, na hukwama ikifundishwa kana kwamba hewa haipo. Ya tatu imetambua kwamba mahali panabadilisha mwendo, ikaubebesha uvutano mzigo wa hewa. Kati ya hizo ya pili ndiyo msingi, kwa kuwa bila yake huwezi kujua hewa imefanya nini: unahitaji kwanza kujua kitu kingeangukaje bila kuzuiwa, ndipo upime kilichozidi au kupungua.

Yabaki mabishano ya namna ya kufundisha. Wapo wanaotaka kanuni safi ianze na hewa isubiri madarasa ya juu, ili mtoto asichanganywe. Njia hiyo ni fupi na huwafaa wanaoendelea na sayansi. Wengi hawaendelei, na hao huondoka na kanuni ambayo dunia yao huikanusha kila siku. Wengine wanataka kuanzia kwenye yanayoonekana, jambo linalokula vipindi ambavyo ratiba haina. Kwa maoni ya mwandishi huyu, gharama hiyo ya muda inafaa kulipwa, na si kubwa kama inavyoogopwa. Karatasi mbili, moja imefinyangwa, huchukua dakika tano. Swali la kwa nini mwendesha baiskeli mzito alimpita mwepesi kwenye mteremko walioushuhudia wanafunzi wenyewe linachukua kipindi kimoja, na linamlazimu mtoto kutumia uvutano na hewa kwa pamoja, kila kimoja kwa kipimo chake. Mwanafunzi akiweza kueleza hapohapo kwa nini mpandoni mambo yaligeuka, ameelewa.